Oili Kwanza, Turbo Baadaye

 Leo nataka kuzungumza na wenye magari ya kujiundia nyumbani, hasa vijana wa Manibe, Arua, kwa sababu huko ndiko ninakoulizwa swali hili kila nikipita: mzee, nimepata turbo, niifungeje?

Namjibu kwa swali. Oili itakayoingia kwenye hiyo turbo utaitoa wapi, na ikishatoka itarudi kwenye injini kwa njia gani? Kama bado hujaijua njia ya kurudi, ziba kila tundu la hiyo turbo kwa kitambaa safi, irudishe kwenye gunia lake, kisha tusikilizane kwanza. Turbo nyingi ninazoziona zimetupwa nyuma ya gereji hazikufa kwa uzee. Zilikosa oili, au zilipata oili chafu, au zilimezeshwa vumbi, au dereva alizima injini ikiwa bado imepamba moto. Yote hayo yamo mikononi mwa fundi na mwenye gari, na ndiyo maana yananiuma.

Kwa nini mnaitaka, naelewa. Arua iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo inavuta hewa yenyewe, kwa hiyo pikapu ambayo Mombasa ingebeba mzigo bila kulalamika, hapa kwetu imeshapungukiwa pumzi kabla hujaipakia hata gunia moja. Na sisi tunapakia! Mihogo, simsim, tumbaku, mbao, saruji, na watu juu yake. Ile lami ya kilomita 92 kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba imetuzoesha mwendo, lakini ukiiacha tu unaingia kwenye murram, na kiangazi murram ni vumbi tupu. Mtu anayetoka shambani na tani moja mgongoni, akabadilisha gia mbili kuupanda mlima mdogo, lazima aiwazie turbo.

Sasa, inafanya kazi gani hasa? Dizeli inapoungua ndani ya silinda, karibu theluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo inayozungusha injini. Sehemu kubwa ya nguvu iliyobaki inatoka na moshi, na nyingine inapotelea kwenye maji ya rejeta. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi aliyeitwa Alfred Büchi aliandikisha hataza ya wazo la kuushika ule moshi wa moto na kuufanyisha kazi. Moshi unazungusha pangaboi. Pangaboi hilo limeunganishwa kwa shafti na pangaboi la pili. Hilo la pili linavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikizidi, dizeli inaweza kuongezwa, na nguvu inapanda bila kubadilisha ukubwa wa injini.

Wapenzi wa mashindano mtakumbuka Safari Rally ya Kenya. Mwaka 1982 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliishinda kwa mara ya tano akiwa na Datsun isiyo na turbo. Miaka miwili baadaye, 1984, Björn Waldegård akaja na Toyota Celica ya turbo, akashinda. Mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya naye akashinda na Celica ya turbo. Lakini magari yale yalikuwa na timu nzima ya mafundi iliyoyangoja kila kituo, ikiwa na oili mpya, filta mpya, na turbo nyingine pembeni. Lako linakungoja wewe peke yako chini ya mwembe, na spana ulizoazima.

Injini ninayoikuta zaidi kwenye pikapu hizi za kuunganisha ni 1HZ ya Toyota. Ni dizeli, silinda sita, lita 4.2, nguvu za farasi karibu 130, na ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Tunaifahamu kwa sababu ya Land Cruiser za mashirika ya misaada yanayohudumia wakimbizi Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi. Gari likishachoka linauzwa, bodi inakwenda huku, injini kule, chesi inaishia Manibe kwa kijana mwenye mashine ya kuchomelea na moyo wa subira. Ni injini ngumu, nami naiheshimu. Ila Toyota waliiunda ivute hewa yenyewe. Aliyetaka turbo alitengenezewa ndugu yake, 1HD-T, lita zile zile, nguvu za farasi zaidi ya 160. Ukizitazama kwa nje utadhani ni moja. Ndani zinatofautiana: 1HZ inachomea dizeli kwenye vyumba vidogo vilivyomo ndani ya silinda hedi, na inaibana hewa zaidi ya mara 22, ilhali 1HD-T inanyunyizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na inabana chini ya mara 19. Kwa hiyo ukiisukumia 1HZ hewa ya ziada, unaiongezea mzigo injini ambayo tayari inabana mno. Ufa kwenye silinda hedi ya 1HZ, pembeni mwa vile vyumba vidogo, mafundi wanaujua hata kwa magari yasiyo na turbo, mara tu injini inapochemsha.

Sisemi usifunge. Australia kuna kampuni zinazouza seti kamili za turbo kwa ajili ya 1HZ, na magari hayo yanavuka jangwa. Yanadumu kwa sababu wenyewe wanaridhika na kidogo: paundi 7 hadi 10 za busti, yaani mgandamizo wa hewa inayosukumwa na turbo, wala hawapandishi zaidi. Hapa petu unasikia kijana akisema amekaza vali ya busti mpaka geji inaonyesha 18, na anasema kwa fahari. Injini hiyo ni ya asili yake, gasketi ni ya asili yake, pistoni ni za asili yake. Kijana wangu, unakopa, na mdai atakuja kukudai ukiwa katikati ya njia na abiria.

Tena ifahamike kwamba geji ya busti inahesabu kuanzia hewa ya pale ulipo. Mombasa hewa yenyewe ina mgandamizo wa paundi 14.7 hivi, Arua ni kama 12.7. Ili turbo ikupe paundi 7 juu ya hewa hii nyepesi, inabidi izunguke kwa kasi zaidi kuliko ambavyo ingezunguka pwani. Ndiyo sababu ile turbo ndogo iliyong'olewa kwenye gari dogo, ukaifunga kwenye injini ya lita 4.2, huku juu inachoka mapema. Itapiga kelele, itaichemsha hewa, na nguvu unayoitafuta hutaiona.

Wenye Corolla na Premio za petroli, leo naomba mniwie radhi, kwa sababu njia yenu ni nyingine. Dizeli ikipewa hewa nyingi na mafuta machache inapoa. Petroli ikipewa hewa nyingi na mafuta machache inapata joto la kuua, inaanza kugonga ndani, na pistoni inavunjika kwenye sehemu za ringi. Kuifungia petroli turbo ni kubadilisha nozo, pampu ya mafuta, na ile kompyuta ya injini ipangwe upya na mtu mwenye vifaa. Kwa kijana wa petroli anayetaka turbo, ni afadhali atafute injini nzima iliyotoka kiwandani nayo, kama zile za Subaru, aifunge pamoja na waya zake zote.

Turudi kwa dizeli. Kabla ya kushika bolti hata moja, pima injini. Azima kipimo cha kompresheni, upime silinda zote sita zikiwa na moto, uone kama zinakaribiana. Huna kipimo? Washa injini, ifungue kofia ya kuwekea oili, utazame. Moshi ukipumua kwa nguvu pale, ringi zimekwisha, na injini hiyo inahitaji ovahoo, haihitaji turbo. Hali kadhalika rejeta. Kama gari linapandisha joto leo likiwa halina turbo, kesho litakuwa linachemka. Rejeta ioshwe, feni ishike sawasawa, mabomba yabadilishwe. Na breki! Unaongeza mwendo kwenye gari lililobeba watu; breki ziwe za kwanza kufanyiwa kazi.

Sasa oili, ndugu zangu, hapa ndipo naomba mtulie.

Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Injini yako ya dizeli, hata ukiikanyaga mpaka mwisho, haifiki 5,000. Kwa mwendo wa namna hiyo chuma hakiwezi kugusana na chuma. Shafti inaelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika kwa sekunde chache tu, beringi zinaungua, shafti inayumba, mapanga yanagusa ukuta wa nyumba yake, na kazi imekwisha. Hiyo hiyo oili ndiyo inayobeba joto kulitoa ndani ya turbo. Kwa hiyo inayoingia iwe safi, iwe na presha, na inayotoka itoke upesi bila kizuizi.

Oili ya kuingia unaichukua kwenye bloku, mahali palipofungwa swichi ya presha ya oili, kwa kiungo cha njia tatu: swichi inabaki na tawi lake, turbo inapata tawi lake. Bomba liwe la chuma au hosi ya oili iliyosukiwa waya. Nimeona hosi ya petroli imefungwa hapo kwa klipu, sentimita chache kutoka kwenye ekzosi. Hosi hiyo itayeyuka, oili itamwagika juu ya chuma chekundu, na gari litawaka. Usifanye.

Oili ya kurudi ndiyo inayowashinda wengi. Ikishapita kwenye beringi haina presha tena. Inaanguka kwa uzito wake, ikiwa imechanganyika na hewa, ina povu. Kwa hiyo bomba la kurudi liwe pana, upana wa ndani usipungue milimita 12, na ukipata 16 au 19 ni bora zaidi. Lishuke moja kwa moja, lisilale, lisipande popote, lisiwe na tumbo la kukusanya oili. Turbo yenyewe ikae tundu lake la chini likitazama ardhini. Na pale linapoingia kwenye sampu, liingie juu ya usawa wa oili iliyomo. Usawa huo ujue kwa kijiti chako cha kupimia: weka alama nje ya sampu, tundu lako liwe juu ya alama.

Ukilitoboa chini ya alama, nakwambia kitakachotokea. Oili itarudi nyuma, itajaa ndani ya turbo, na kwa kuwa haina pa kwenda itajipenyeza kwenye sili. Sili za turbo ni pete nyembamba za chuma. Hazikuundwa kuzuia oili iliyojaa, zinaitegemea oili iwe imeshuka. Gari litatoa moshi wa buluu. Fundi atasema turbo imekufa. Utatafuta nyingine, soko la Kisekka kule Kampala au Ariwara ng'ambo ya mpaka, utauza mbuzi wawili, utaifunga kwenye bomba lile lile, na moshi utaanza siku hiyo hiyo. Nimeona mtu akinunua turbo ya pili na ya tatu kwa kosa la bomba ambalo bei yake haifiki chakula cha mchana. Hata ringi zilizochoka zinaleta ugonjwa huo huo, kwa sababu pumzi ya ndani ya sampu inaisukuma oili isishuke. Ndiyo maana nilitaka uangalie pale kwenye kofia kwanza.

Tundu la sampu usilitoboe sampu ikiwa imefungwa. Najua kuishusha ni kazi, na kuna wanaosema watapaka grisi kwenye kekee ishike vumbi la chuma. Grisi haishiki vyote. Chembe itakayoingia ndani itanyonywa na pampu siku yoyote itakayopenda. Shusha sampu, toboa, chomelea kipande cha bomba kwa utulivu, kisha mimina mafuta ya taa ndani na uache usiku mzima uone kama panavuja. Paka chokaa nje ya weldi. Mafuta ya taa yakipenya, chokaa inabadilika rangi papo hapo. Ukiridhika ioshe, ifute, itazame kwenye jua, uifute tena.

Na silikoni. Kwenye viungo vya oili ya turbo, silikoni marufuku. Ukikaza bolti inajikamua ndani, inakauka, siku moja inakatika kipande, na kipande hicho kinakwenda kuziba njia ya oili. Tumia gasketi ya karatasi au ya shaba.

Siku ya kuwasha, badilisha oili na filta, zote mpya. Soma kopo: 15W-40, na lile daraja la API liwe CH-4 au CI-4 kwenda juu, maana hizo zinavumilia joto la dizeli yenye turbo. Nunua kwa mtu unayemjua, na uhakikishe sili ya mfuniko haijaguswa, kwa kuwa oili iliyotumika ikachujwa na kurudishwa kwenye makopo mazuri iko sokoni. Kisha kabla ya kufunga bomba la juu, mimina oili ndani ya turbo kwa mkono, uzungushe shafti kwa kidole mpaka uisikie laini. Chomoa waya wa ile solenoidi ya kukata dizeli kwenye pampu ili injini isishike. Piga stata kidogo kidogo, ukiipumzisha, mpaka taa ya oili izime au geji ipande. Hapo ndipo urudishe waya na kuwasha. Iache sailensa kwa dakika kadhaa, usiikanyage, huku ukitazama viungo vyote kwa tochi. Tangu siku hiyo, kama ulikuwa unabadilisha oili kila kilomita 5,000, punguza. Mimi nabadilisha kwa 3,000 kiangazi, na sijutii.

Vumbi. Hewa yote anayovuta mnyama huyu inapita kwenye lile pangaboi la alumini, na linazunguka kwa kasi niliyoitaja. Chembe ya mchanga ikilifikia inalikwangua. Vumbi la Desemba hadi Machi linatafuna ncha za mapanga mpaka zinakuwa kali mithili ya wembe, kisha vumbi hilo hilo linakwenda kumaliza silinda. Filta ya karatasi iwe ya saizi kubwa, na isipulizwe kwa kompresa ya kujazia matairi. Upepo ule unaitoboa vitundu usivyoviona. Ipige-pige taratibu, ikichakaa itupe. Kisha angalia hosi iliyo kati ya filta na turbo. Hiyo ndiyo hatari kuu, kwa sababu turbo inanyonya kwa nguvu, na hosi yenye ufa inafyonza vumbi ambalo halikupita kwenye filta kabisa. Pitisha kidole ndani ya hosi baada ya safari ya murram. Kidole kikitoka na vumbi, usiliendeshe gari mpaka umeujua mlango wake.

Kuhusu joto na dizeli sitakawia sana, ila msikilize vizuri. Wengi wakishafunga turbo wanakwenda moja kwa moja kwenye pampu kufungulia skrubu ya dizeli, kwa sababu bila dizeli ya ziada hawaisikii turbo. Kweli inabidi kuongezwa kidogo. Lakini moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa, na dizeli hiyo inaendelea kuwaka hadi ndani ya ekzosi. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Pistoni inaokolewa na oili, na pia na zile nafasi fupi ambazo moto haupo juu yake. Ukiuongeza moto, nafasi hizo hazitoshi. Nunua geji ya joto la ekzosi, uweke kichwa chake kwenye manifoldi, kabla ya turbo, maana baada ya turbo joto limeshapungua na litakudanganya. Mafundi wengi wa dizeli wanaziheshimu nyuzi 700 kwenye mlima mrefu. Ikikaribia hapo, inua mguu, shusha gia. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, kati ya intakula ya kupoza hewa ya turbo, inayong'aa mbele ya gari, na geji hiyo, nunua geji. Skrubu ya pampu igeuzwe robo kwa robo, na kila ukigeuza nenda ukajaribu na mzigo, utazame geji.

Manifoldi ya kujichomelea nayo ina sheria zake. Bomba liwe nene, lile la maji ya mabati usilitumie. Ukilichoma zinki yake inatoa moshi wenye sumu, na chuma chenyewe chembamba. Bamba la kushikia turbo liwe nene lisipinde kwa joto. Uzito wa turbo usiuachie manifoldi peke yake: weka mkono wa chuma kutoka kwenye bloku, la sivyo mtikisiko wa njia zetu utaleta ufa.

Dereva naye ana sehemu yake. Asubuhi usikanyage mara tu injini inaposhika. Ngoja presha ya oili ifike juu. Jioni, baada ya mlima au mwendo wa kasi, usizime papo hapo. Pangaboi la upande wa moshi bado ni la moto, na ukizima, oili iliyobaki kwenye beringi inasimama na kuungua, inageuka masizi magumu. Iache sailensa dakika mbili hivi, geji ya joto ishuke, ndipo uzime. Hili nawaomba mwafundishe na madereva mnaowaachia magari, kwa sababu mwenye gari analijua na dereva wa kukodiwa halijui.

Kuikagua si kazi kubwa. Injini ikiwa imepoa, toa hosi ya hewa, ushike ncha ya shafti kwa vidole viwili. Itikise kushoto na kulia: mchezo mdogo upo, ni wa kawaida, kwa kuwa oili haipo ya kuujaza. Kisha isukume ndani na kuivuta nje. Hapo usisikie kitu. Ukisikia inakwenda na kurudi, au mapanga yamekwangua ukuta, iondoe kabla haijaharibu injini. Turbo ya mtumba ikague hivi hivi mbele ya muuzaji. Ikiwa haina tatizo hilo, kutu ya nje isikutishe. Nguvu zikipungua na moshi mweusi ukaongezeka, tafuta kwanza hosi iliyochanika upande wa busti: paka maji ya sabuni, mwenzako aikanyage injini kidogo, utaona povu.

Kuna hatari moja ambayo kila mwenye dizeli ya turbo aijue. Turbo ikivunjika ndani, oili ya injini inaweza kuvutwa upande wa hewa, na dizeli inaungua kwa oili vizuri tu. Injini itapanda yenyewe, itanguruma bila kukanyagwa, na ukigeuza ufunguo haitazima, kwa sababu haitumii tena dizeli ya tangi. Ikiwa gari ni la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu, achia klachi, injini ilazimike kufa. Ikishindikana, ziba mdomo wa hewa kwa ubao bapa. Usitumie mkono, wala kitambaa, vyote vitavutwa. Kipande cha ubao kikatwe saizi ya mdomo wa hosi ya filta, kikae chini ya kiti. Watu wote wakae mbali na pembeni ya injini, kwani inaweza kupasuka.

Gari likishatulia, majaribio yake ya kweli yako kwenye njia ya Kampala. Nenda nalo bila abiria mpaka mtoni Pakwach, ugeuze, upande kurudi Nebbi likiwa na mzigo wa mchanga, nusu ya ule unaoutarajia. Tazama geji ya joto la ekzosi, ya maji na ya oili kwenye ule mpando. Nebbi simama, iache sailensa, zima, ingoje ipoe kabisa hata kama ni saa nzima. Kisha fungua boneti ukaze upya nati zote za manifoldi na za turbo, maana joto la kwanza huzilegeza, utazame kama bomba la kurudi limetoa hata tone moja. Kama ni kavu, rudi Arua. Kesho yake kaza tena, pima oili kwenye kijiti, ndipo uongeze mzigo.

Maswali yenu leteni. Wiki ijayo nitayajibu, hasa ya wale waliokwama kwenye bomba la kurudi.